Maili ya bia na maandalizi ya Ironman: vinakaa katika kalenda moja, lakini si katika wiki moja

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Ninaleta hoja hii kwa sababu katika kikundi chetu cha mazoezi yamezuka mabishano ambayo naona yanastahili kujadiliwa kwa utulivu na watu wengi zaidi. Baadhi yetu tunajiandaa kwa Ironman kamili, yaani traiathloni ndefu ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, ya Gqeberha, Afrika Kusini, ambayo kwa kawaida hufanyika kati ya Machi na Aprili, na wengine wanalenga masafa ya nusu, kama yale yaliyoanza kushindaniwa Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, mwezi Agosti 2022. Katikati ya maandalizi hayo limetolewa pendekezo la kuandaa maili ya bia, yaani mizunguko minne ya uwanja wa riadha ambapo kila mzunguko hutanguliwa na kopo moja la bia. Upande mmoja unasema kwamba huo ni utovu wa heshima kwa kazi nzito tunayoifanya. Upande wa pili unasema kwamba mtu anayeamka saa kumi alfajiri kwenda bwawani, akaenda kazini, kisha akarudi kupanda baiskeli jioni, ana haki ya kucheka na wenzake.

Msimamo wangu ni kwamba pande zote mbili zina hoja, lakini zinabishana juu ya jambo lisilo lenyewe. Tunapaswa kujiuliza ni tarehe ipi ya kalenda inayoweza kubeba mchezo huu bila kuharibu miezi ya kazi, na ni kiasi gani cha kileo kinachoingia mwilini siku hiyo. Maswali hayo mawili yana majibu ya hesabu, na ningependa tuyajibu kwa hesabu.

Nianze na suala la heshima, kwa kuwa ndilo linalowasha hasira. Ironman yenyewe ilizaliwa katika mazungumzo ya watu waliokuwa wakinywa bia. John Collins, afisa wa jeshi la majini la Marekani aliyekuwa Hawaii, alikuwa kwenye hafla ya kutoa zawadi za mbio za kupokezana kisiwani Oahu mwaka 1977, na watu wakawa wanabishana ni nani mwenye mwili imara zaidi kati ya mkimbiaji, mwogeleaji na mwendesha baiskeli. Yeye na mkewe Judy walikuwa na uzoefu wa mashindano ya michezo mchanganyiko ya California, naye akapendekeza kuunganisha mbio tatu zilizokuwapo kisiwani: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, na marathoni ya kilomita 42.2. Wasikilizaji walicheka. Tarehe 18 Februari 1978 watu 15 walianza mbio hizo na 12 wakazimaliza, mshindi akiwa Gordon Haller kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58.

Aliyeshika nafasi ya pili siku hiyo ni John Dunbar, ambaye alitoka kwenye baiskeli akiwa anaongoza. Wakati wa marathoni wasaidizi wake waliishiwa maji, wakampa bia. Alimaliza zaidi ya nusu saa nyuma ya Haller. Sitaki kudai kwamba bia peke yake ndiyo iliyomnyima ushindi, kwa sababu mtu aliyekwisha kuogelea na kuendesha baiskeli umbali ule ana sababu nyingi za kupungukiwa nguvu, lakini tukio hilo linatuonyesha mambo mawili kwa pamoja tangu siku ya kwanza ya mchezo huu: kwamba bia na mzaha vilikuwepo hapo mwanzoni, na kwamba mahali pake hapakuwa ndani ya mbio.

Sasa maili ya bia. Wengi wetu tunadhani ni ulevi wa wanafunzi tu, lakini una sheria zinazofuatwa kwa ukali. Zilikuzwa na wanafunzi wa Kingston, jimbo la Ontario, Kanada, na ndiyo maana hadi leo huitwa sheria za Kingston. Kila mshiriki hunywa bia nne za mililita 355, zenye kileo kisichopungua asilimia 5, moja kabla ya kila mzunguko, na hunywa akiwa ndani ya eneo maalumu la mita 9. Mita hizo zina sababu: mizunguko minne ya mita 400 hufanya mita 1,600, na maili ni mita 1,609, hivyo mashindano huanza mita 9 nyuma ya mstari. Kutoboa kopo ili bia imiminike kwa kasi hairuhusiwi. Anayetapika kabla ya kumaliza huongezewa mzunguko mmoja wa adhabu mwishoni.

James Nielsen wa Marekani alikuwa wa kwanza kumaliza chini ya dakika 5, kwa muda wa 4:57.1, mwezi Aprili 2014. Baadaye Corey Bellemore wa Kanada, mkimbiaji halisi wa masafa ya kati, alishusha muda huo hadi 4:28.1 mwaka 2021. Mwaka 2018 mjini Vancouver alikuwa amekimbia kwa dakika 4 na sekunde 24, lakini waamuzi walipopima mabaki ya bia kwenye vyombo vyake walikuta yamezidi kidogo kiwango kinachoruhusiwa, wakamfutia matokeo. Mchezo ambao mtu hufutiwa rekodi kwa vijiko vichache vya bia unaweza kuwa wa kuchekesha, ila hauwezi kuitwa wa ovyo.

Niishie hapo kwanza, nisikie maoni ya wakuu.

Mwendo wa Kobe

Nimekusoma vizuri, mkuu, na historia hiyo nimeipenda, ila naona umeipita hoja kuu. Mimi ni kocha wa kuogelea kwa vijana na ninajiandaa kwa masafa ya nusu. Pombe ni pombe, iwe imenywewa kwa sheria za Kingston au imenywewa baa. Kuna utafiti unaoonyesha kwamba hujengi misuli ipasavyo ukinywa baada ya mazoezi, hata ukila protini. Kama ndivyo, kwa nini tujinyime usingizi wa alfajiri miezi mitano, kisha tubomoe kwa mikono yetu wenyewe? Naomba ujibu hilo kwa hesabu ulizoahidi.

Mleta uzi

Kocha, hoja yako ni ya haki, na nadhani utafiti unaousema ni ule uliofanywa Australia na Evelyn Parr na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014. Wanaume 8 wenye mazoea ya mazoezi walifanya kazi ya vyuma na baiskeli, kisha wakanywa kileo cha gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Ujenzi wa protini kwenye misuli ulipungua kwa asilimia 24 kwa wale waliokunywa kileo pamoja na protini, na kwa asilimia 37 kwa waliokunywa kileo pamoja na wanga, ukilinganisha na hali ya kupata protini bila kileo. Matokeo hayo ni mazito, nami siyapunguzi.

Lakini tuangalie kipimo. Bia ya mililita 355 yenye asilimia 5 ina takribani gramu 14 za kileo tupu, na nne zina gramu 56. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni gramu 0.8 kwa kilo. Kipimo cha utafiti, kwa mtu huyohuyo, kingekuwa gramu 105, yaani bia saba na nusu za aina hiyo. Hivyo maili ya bia iliyofanywa kwa kufuata sheria hubeba zaidi kidogo ya nusu ya kipimo kile. Sisemi kwamba nusu ya kipimo ina nusu ya madhara, kwa kuwa mwili haugawanyi mambo kwa unyoofu huo. Ninasema kwamba hatuwezi kuuchukua utafiti wa bia saba na nusu tukautumia kuhukumu bia nne bila kutaja tofauti.

Hapa ndipo penye tahadhari ambayo ningependa kila mmoja wetu aizingatie, kwa sababu inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki zaidi kuliko Wakanada. Chupa zetu za kawaida ni za mililita 500. Mtu akisema "bia nne" akamaanisha chupa nne za hapa nyumbani, anakunywa lita mbili nzima, na kama ni Safari yenye asilimia 5.5, anaingiza mwilini karibu gramu 87 za kileo, yaani takribani gramu 1.2 kwa kilo kwa mtu wa kilo 70. Hapo tumekaribia sana kipimo cha utafiti, na hoja yako, kocha, inasimama kwa miguu yote miwili. Kwa upande mwingine, Tusker ya asilimia 4.2 na Kilimanjaro ya asilimia 4.5 hazifiki kiwango cha sheria, hivyo anayetaka muda wake utambuliwe hawezi kuzitumia. Kwetu sisi ambao hatutafuti kutambuliwa na mtu, udhaifu huo ni faida: pima mililita 355 kwenye kikombe, tumia bia nyepesi, na kileo kinashuka hadi takribani gramu 47 kwa bia zote nne.

Kuhusu kubomoa kwa mikono yetu, kuna dhana nyingine ambayo ni mbaya zaidi na inasemwa mara nyingi baada ya mazoezi marefu ya Jumamosi, kwamba bia ni wanga na hurudisha nguvu. Bia moja ya mililita 355 ina takribani gramu 13 za wanga. Baada ya kuendesha baiskeli saa nne au tano, mtu wa kilo 70 anayetaka kujaza akiba ya wanga kwenye misuli haraka anashauriwa kula gramu 70 hadi 84 kwa kila saa katika saa za mwanzo. Bia zote nne kwa pamoja hazitoshi hata saa moja, na kalori zake nyingi zinatokana na kileo chenyewe, ambacho misuli haiwezi kukiweka akiba. Sahani ya wali na maharage pamoja na ndizi mbili hufanya kazi ambayo kreti zima haliwezi kuifanya.

Maji nayo yana kisa chake. Shirreffs na Maughan, walipokuwa Aberdeen, Uskoti, waliwapa watu waliotokwa jasho vinywaji vyenye viwango tofauti vya kileo na kuchapisha matokeo mwaka 1997. Kinywaji cha asilimia 1 au 2 hakikuwa na tofauti kubwa na kile kisicho na kileo, lakini cha asilimia 4 kilichelewesha kurudi kwa ujazo wa damu na plazma, kwa sababu kileo huzuia homoni inayoziambia figo zihifadhi maji. Bia zetu nyingi za kawaida ziko juu ya asilimia 4.

Nyayo za Kampala

Habari za huko, ndugu zangu. Mimi niko Kampala, na kwangu swali halihusu mbio moja kwa mwaka. Ninakimbia na Hash House Harriers, na huku kwetu hash ni jambo kubwa: watu wengi, njia za vilimani na mabondeni, na mwishoni duara la nyimbo na bia kila wiki. Wenzangu wa hash ndio walionifundisha kukimbia. Sasa nimejiandikisha kwa traiathloni ya masafa ya nusu, na mwalimu wangu wa baiskeli ananiambia nichague moja. Je, mleta uzi, nawe unaniambia hivyo?

Mleta uzi

Dada, hapana, sikuambii hivyo, na ningemsihi mwalimu wako alitazame jambo hili upya.

Hash ilianzishwa Kuala Lumpur mwaka 1938 na wageni wa Kiingereza, Albert Gispert akiwa kinara wao, kwa kuiga mchezo wa kumfukuza sungura: mmoja hutangulia akiacha alama za karatasi au unga, na wengine hufuata wakipotea na kupatana tena. Walipoisajili upya baada ya vita, mwaka 1950, waliandika malengo yao waziwazi: kuwajenga wanachama kiafya, kuondoa uchovu wa pombe za mwisho wa wiki, kupata kiu njema na kuikata kwa bia, na kuwashawishi wazee kwamba hawajazeeka kama wanavyojihisi. Nimeyasoma malengo hayo mara nyingi na kila mara naona jinsi yalivyo ya kibinadamu. Jambo la maana ndani yake ni kwamba njia za hash zimetengenezwa kwa makusudi ili mwenye kasi apotee kwenye alama za uongo na mwenye mwendo wa pole amfikie, watu wote wafike kwenye duara karibu wakati mmoja. Hakuna mpango wa mazoezi ya Ironman unaoweza kukupa kitu hicho. Mpango wetu ni wa mtu mmoja na saa yake, kwa saa nyingi, kwa miezi mingi, na watu wengi wanaoacha traiathloni huacha kwa upweke kabla ya kuacha kwa maumivu.

Kwa hiyo, baki na hash, lakini tenganisha kukimbia na kunywa. Mbio zenyewe za hash, kwa kupanda na kushuka kwake na kwa kusimama na kuanza tena, zinaweza kuhesabiwa kama mazoezi yako mepesi ya wiki au kama mazoezi ya vilima. Kwenye duara, soda na maji ni desturi inayokubalika katika hash nyingi, na mtu anayeitwa katikati ya duara anaweza kunywa soda na nyimbo zikaimbwa vilevile. Katika wiki za mwanzo za kujenga msingi, bia moja pamoja na chakula haitaharibu mpango. Katika wiki 8 za mwisho kabla ya mashindano ningekushauri ushike soda.

Ninachokipinga ni ile tabia ya bia tatu au nne kila wiki katikati ya maandalizi, kwa sababu ya usingizi. Kileo humfanya mtu asinzie haraka, kisha huharibu nusu ya pili ya usiku: usingizi wa ndoto hupungua, mapigo ya moyo ya mapumziko hubaki juu, na mtu huamka mara nyingi. Wengi wetu tunavaa saa zinazopima mapigo usiku, na kila mmoja anaweza kujionea mwenyewe asubuhi yake. Mwanamichezo wa masafa marefu hujengeka akiwa amelala, na usiku mmoja mbovu kila wiki kwa miezi mitano ni gharama kubwa kuliko maili ya bia moja ya mwaka.

Binti wa Kilindini

Assalaam aleykum. Mimi niko Mombasa na situmii pombe kwa sababu ya dini yangu, na katika kikundi chetu cha kuogelea hata wasio Waislamu wengi hawanywi. Nimeusoma uzi huu kwa hamu, ila naona kana kwamba furaha yote imewekwa ndani ya chupa ya bia. Je, mtu asiyekunywa abaki kushika taulo za wenzake?

Mleta uzi

Waaleykum salaam, dada. Hasha, asibaki kushika taulo, na nashukuru umeliuliza.

Ugumu wa maili ya bia hautokani na kileo kwa sehemu kubwa. Maili nzima humchukua mtu wa kawaida dakika 8 hadi 12, na kileo hakijapata muda wa kuingia kwenye damu kwa wingi. Kilele chake huja takribani nusu saa hadi saa nzima baada ya kunywa. Kinachomtesa mkimbiaji uwanjani ni hewa ya ukaa na ujazo: karibu lita moja na nusu ya kinywaji chenye gesi ndani ya tumbo linalorushwarushwa. Wanaofanya vizuri ni wale waliojifunza kumeza bila kuvuta pumzi katikati, kucheua mita 50 za kwanza za kila mzunguko, na kuchagua kinywaji kisicho baridi sana, kwa sababu ubaridi huibana gesi ndani ya kinywaji hadi ifike tumboni, na pia hukaza koo.

Ugumu huo wote unapatikana kwenye soda. Maili ya soda hukimbiwa kwa kipimo kilekile, na wengine hukimbia maili ya maziwa, ambayo kwa maoni yangu ni ngumu kuliko zote. Ukiniuliza mimi, soda ya tangawizi, pamoja na mwasho wake kooni, ndiyo inayofaa zaidi pwani. Itunze tu sukari katika hesabu yako, maana soda nne za kiasi hicho hukaribia gramu 140 za sukari, na mwenye kisukari asijaribu. Katika kikundi chetu nitapendekeza wanaokunywa bia na wanaokunywa soda waanze kwenye mstari mmoja na matokeo yaandikwe kwenye orodha moja.

Ipo pia bia isiyo na kileo, ingawa najua kwamba wengi hawaikubali kidini na siwasukumi huko. Kwa wale wanaoikubali, ina ushahidi wake. Johannes Scherr na wenzake wa Munich walifuatilia wanaume waliojiandaa kwa marathoni ya mji huo mwaka 2009. Waliokunywa bia isiyo na kileo kwa wiki 3 kabla ya mbio na wiki 2 baada yake walipata mafua na maambukizi ya njia ya hewa kwa uchache kuliko waliopewa kinywaji cha kulinganishia. Ujerumani ni jambo la kawaida kupewa bia ya namna hiyo ukivuka mstari wa mwisho, katika marathoni na traiathloni pia.

Daktari wa Zamu

Naomba nichangie kama mtu wa hospitali, kwa kifupi, na naomba yafuatayo yasichukuliwe kama vitisho.

Mleta uzi amegusa kilele cha kileo kinachokuja baada ya mbio. Hilo ndilo jambo la hatari kuliko yote, na nalisisitiza. Mshiriki anamaliza, anajisikia mzima, anawasha gari au pikipiki, na ulevi unamkuta barabarani. Ini la mtu wa kawaida huondoa gramu 7 hadi 10 za kileo kwa saa, hivyo gramu 56 zinahitaji saa 6 hadi 8. Anayekimbia saa kumi jioni asishike usukani usiku huo, wala asiende baharini, ziwani au bwawani "kujipooza". Kwa wanatraiathloni kishawishi hicho ni kikubwa, kwa kuwa bwawa huwa liko palepale karibu na uwanja.

La pili ni dawa za maumivu. Wanamichezo wa masafa marefu humeza ibuprofen kama karanga. Pamoja na kileo huchubua tumbo na huweza kuleta kutoka damu, na paracetamol pamoja na pombe nyingi hulitesa ini. Siku ya mbio hizi msimeze chochote kati ya hivyo. La tatu ni sodiamu: mtu aliyetoka jasho saa nyingi, kisha akajaza tumbo kwa maji au bia bila chumvi, anaweza kushuka sodiamu katika damu hadi achanganyikiwe au apate degedege, na wenzake wakadhani amelewa. Kwa hiyo mbio hizi zisifanywe kamwe siku ya mazoezi marefu. Aliyetapika alazwe ubavu na asiachwe peke yake.

Mpanda Mlima

Shukrani, daktari. Mimi nakimbia Kilimanjaro Marathon pale Moshi karibu kila mwaka, mbio ambazo kwa miaka mingi zimedhaminiwa na bia, kwa hiyo mchanganyiko huu haunishangazi. Ninachoomba sasa ni jambo la vitendo. Mleta uzi, umesema suala ni kalenda. Tuwekee kalenda.

Mleta uzi

Nimshukuru daktari kwanza. Aliyoyaandika nitayachapisha kwenye karatasi na kuyabandika uwanjani siku hiyo.

Nachukulia mtu anayelenga Gqeberha kati ya Machi na Aprili. Maandalizi yake mazito huanza Oktoba au Novemba na huchukua takribani wiki 20 hadi 24. Katika kipindi hicho maili ya bia haina nafasi, na sababu yangu kubwa ni miguu kuliko kileo. Mwanatraiathloni wa Ironman hukimbia taratibu kwa muda mrefu, mara nyingi akiwa na uchovu wa baiskeli, na misuli yake ya nyuma ya paja na ndama za miguu haijazoea kasi ya mita 400. Ukimwambia akimbie mizunguko minne kwa nguvu zote, huku tumbo limejaa na mwendo wake umevurugika, unamwalika kuchanika msuli. Jeraha hilo humgharimu wiki kadhaa, wakati usiku mmoja wa bia ungemgharimu siku mbili tu. Katika mabishano yetu ya kikundi hakuna upande uliolitaja.

Nafasi ya kwanza inayofaa ni wiki ya tatu au ya nne baada ya mashindano, yaani kuelekea Mei. Siitaki wiki ya kwanza, ingawa ndiyo watu wanayoitamani, kwa sababu mwili uliomaliza saa 12 au 15 za mbio bado una misuli iliyochubuka, na tumbo bado halijatulia. Kufikia wiki ya nne mtu amepumzika, hana mpango wa mazoezi unaombana, na anaweza kufanya mazoezi mafupi ya kasi mara mbili au tatu ili miguu ikumbuke.

Nafasi ya pili, kwa wenye haraka, ni mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya msingi kuanza. Hapo ningeweka masharti makali zaidi: nusu ya kipimo, yaani mililita 178 kabla ya kila mzunguko, jumla ya gramu 28 za kileo. Ini la mtu wa kilo 70 hulimaliza hilo ndani ya saa 3 hadi 4, na mbio zikifanyika saa nne asubuhi, usingizi wa usiku unabaki salama. Wazo la asubuhi linawashangaza watu, lakini kwa mwanamichezo ndilo la busara kuliko la jioni, mradi mtu ale kifungua kinywa saa mbili kabla na awe na wa kumrudisha nyumbani.

Siku moja kabla iwe mapumziko au kuogelea kwepesi. Siku yenyewe isiwe na zoezi lingine lolote. Siku inayofuata ni kutembea, maji, supu yenye chumvi na chakula cha kutosha, na yeyote anayefikiria kuzimua asubuhi hiyo ajue kwamba anaahirisha uchovu uleule na kuuongeza. Baiskeli irudi siku ya tatu, kwa mwendo wa maongezi. Yote hayo yaandikwe kwenye daftari la mazoezi kama zoezi gumu, kwa sababu moyo na ini haviwezi kutofautisha siku ya mzaha na siku ya kazi.

Kocha, najua bado hujaridhika, na sitegemei uridhike. Ombi langu kwako ni kwamba uje uwe mwamuzi. Tunahitaji mtu asiye na huruma atakayepima mabaki kwenye makopo, na kwa jinsi ulivyoandika hapo juu sioni anayefaa kukuzidi. Dada wa Kilindini, kama unaweza kufika, nafasi yako kwenye mstari ipo, na soda ya tangawizi nitainunua mimi.

Mwendo wa Kobe

Nitakuja. Nitaleta chombo changu cha kupimia cha mililita, na nikikuta mabaki yaliyozidi kwenye kopo la mleta uzi, nitalifuta jina lake kama walivyofanya Vancouver. Tangazeni tarehe ya Mei mapema, kwa maana Jumamosi zangu za asubuhi ni za watoto wa bwawani.